Je, Wajua? Kisiwa cha Endebess na Msitu wa Kuliwa

Je, wajua kwamba Endebess ina kisiwa? Panda matatu ya Kitale inayoelekea Suam, shuka Endebess mjini, kisha elekeza uso machweo. Mlima Elgon unaouona pale ni kisiwa kwa hesabu za wanabiolojia. Mimea iliyozoea baridi ya kilele cha Koitobos, mita 4,222 juu ya usawa wa bahari, haiwezi kuteremka ikavuka joto la tambarare hadi Mlima Kenya. Imefungiwa huko juu, ikazaana na kubadilika peke yake kwa maelfu ya miaka. Ndiyo maana senesio kubwa ya Elgon, Dendrosenecio elgonensis, huipati mahali pengine popote duniani.

Na bahari inayokizunguka kisiwa hicho ni mahindi. Swali la safu yetu leo ni kama mkulima mwenye ekari moja au mbili kwenye bahari hiyo anaweza kupanda msitu wake mwenyewe, wa kuliwa.

Je, wajua kwamba mbegu iliyoipa Trans Nzoia sifa ya ghala la taifa ina damu ya Amerika Kusini? Mtafiti Michael Harrison alianza kuzalisha mbegu za mahindi katika kituo cha Kitale mwaka 1955. Mahindi yaliyokuwa yamechaguliwa hapa hapa Kitale yakazalishwa na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador, na mwaka 1964 ikatoka H611. Magunia yaliongezeka, wakulima wadogo wakaigombania, na tangu hapo nyumba nyingi za hapa hupimana utajiri kwa magunia ya kilo 90. Sina ugomvi na H611 wala wajukuu zake. Ugomvi wangu ni na desturi ya kulima mahindi mpaka mlango wa jikoni, hata choo kikakosa kivuli.

Je, wajua udongo wa Endebess hukaa uchi kwa muda gani? Msimu wetu wa mahindi ni mmoja: watu hupanda Machi na Aprili, wakaanza kuvuna Oktoba. Mabua yakishaliwa na ng'ombe au kuchomwa moto, shamba hubaki wazi tangu Desemba hadi mvua ya kwanza. Mvua hiyo hukuta vumbi tupu, hakuna jani la kuipunguza kasi. Tope huingia mito ya Sabwani na Koitobos, likaingia Nzoia, na Nzoia ndiyo ile ile inayofurika Budalang'i kabla ya kufika Ziwa Victoria. Suam, mto mwingine wa mlima huu, hushika njia ya kaskazini, ukawa Turkwel, ukaishia Ziwa Turkana. Mkulima wa hapa ana majirani asiowajua, na anawapelekea udongo bure.

Je, wajua kwamba viwavijeshi vamizi kutoka Amerika vilipothibitishwa Kenya mwaka 2017, Trans Nzoia na Bungoma zilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoviona mwanzo? Mdudu anayekuta zao moja limetandazwa kutoka ua wa huyu hadi ua wa yule hana haja ya kutafuta chakula. Watu walishika chupa za dawa, wengine majivu, wengine mchanga wa kutia kwenye moyo wa mhindi. Kila mmoja alikuwa na dawa yake, ila zao lilikuwa moja.

Watu wa visiwani walionja jambo hili mapema. Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu iliyopandwa tangu enzi za Seyyid Said. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na mpaka leo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba. Kisiwa kilichoegemea zao moja kilihitaji siku moja tu ya upepo.

Je, wajua msitu wa chakula ni kitu gani hasa? Ni shamba lililopandwa kwa matabaka, kila tabaka likila jua lake na mizizi yake ikinywa kina chake. Tuuweke Endebess, tuache maneno ya vitabuni. Juu kabisa simamisha mringaringa au siala, ile ambayo Waluhya huiita lusiola. Chini yake parachichi. Chini ya parachichi, pembeni kidogo, migomba na matunda damu. Chini yake kahawa na vichaka vya kaliandra. Kwenye mianya ya jua tia managu, saga, mrenda na mitoo. Ardhini yatambae malenge na viazi vitamu. Penye unyevu, nduma. Na kwenye ua na mashina ya miti panda nderema na pasheni, zipande zenyewe. Ukihesabu utapata matabaka saba, na hesabu hiyo ya saba ilienezwa na Mwingereza Robert Hart, ambaye naye alivutiwa na bustani za Kerala, India.

Wachagga hawakumsubiri Hart. Kihamba cha Kilimanjaro, chenye migomba, kahawa, mboga na miti mirefu ya kivuli juu ya mifereji ya maji, ni cha kale sana, na kile cha Shimbwe Juu kimetambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kuwa urithi wa kilimo. Wajava, kisiwani kwao Indonesia, wana bustani za namna hiyo nyuma ya kila nyumba. Nasi hatuna haja ya kwenda Moshi wala Java: vuka mpaka wa Suam uzunguke mlima huu huu, na upande wa Bugisu, Uganda, utakuta migomba na kahawa vimekumbatiana toka bondeni hadi karibu na mpaka wa hifadhi. Mlima ni ule ule. Kilichotofautisha pande mbili ni historia: upande wetu wa tambarare ulikuwa wa mashamba makubwa ya walowezi, na mashamba makubwa hayakupenda matabaka, yalipenda trekta.

Je, wajua kwamba kahawa ni mti wa kivulini? Arabika asili yake ni misitu ya Ethiopia, humea chini ya miti mikubwa. Na kwa wapenda visiwa: mbegu ambazo wamisionari wa Kifaransa walizipanda Bura, Taita, mwaka 1893, zinazotajwa kuwa mwanzo wa kahawa ya Kenya, asili yake ni kisiwa cha Réunion, Bahari ya Hindi. Ugonjwa wa chulebuni, unaoozesha buni ikiwa bado mbichi, ulionekana mara ya kwanza duniani magharibi mwa Kenya mwaka 1922. Leo kuna Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, na Batian ya mwaka 2010, zote zikiustahimili. Mteremko wa Elgon upande wa Bungoma, kuanzia Kimilili kwenda Kapsokwony, una vyama vya ushirika vya kahawa ambavyo wazee huvizungumzia kwa furaha au kwa hasira, itategemea malipo ya mwaka huo.

Kivuli kina kipimo. Kahawa ikifunikwa sana huzaa majani. Kata matawi ya juu jua lipenye vipande vipande.

Je, wajua kwamba mgomba si mti? Ni mmea wa majani, na kinachoitwa shina ni majani yaliyoviringana, karibu yote maji. Ukishakata mkungu, usiburute shina kando ya barabara. Lipasue ulilaze kuzunguka kahawa, upande uliopasuliwa ukitazama chini. Wakati wa kiangazi litatoa maji yake taratibu na baadaye kuwa mboji.

Je, wajua kisiwa kilichowashangaza mabwana kilimo wa Kiingereza miaka ya 1930? Ni Ukara, kaskazini mwa Ukerewe katika Ziwa Victoria, kisiwa kisichofika kilomita za mraba 80, chenye udongo wa mchanga na watu wengi. Wakara walifuga ng'ombe zizini, wakawaletea majani, wakabeba samadi hadi shambani, na katikati ya mawele wakapanda marejea, mmea wa jamii ya kunde, si wa kuliwa. Mawele yakishavunwa, marejea yalibaki yakikua, kisha yakafukiwa udongoni yakiwa mabichi. Miti nayo ilikuwa na wenyewe, mmoja mmoja, hata palipokosekana uzio. Kwa njia hiyo walilima ardhi ile ile mwaka baada ya mwaka bila kuipumzisha.

Sasa sikia hili, mama mwenye kibanda cha mboga Endebess: ule mtoo unaoufunga vifungu kila asubuhi ni ndugu wa marejea ya Ukara. Yote ni ya jenasi Crotalaria. Mizizi yake hushirikiana na bakteria kunasa naitrojeni ya hewani. Ukimaliza kuchuma majani, usiing'oe mizizi. Kata shina, mizizi iozee mle mle.

Kwa haraka haraka, kabla chai haijapoa:

Je, wajua kwamba managu huanza kuchumwa wiki chache tu baada ya kupandwa, wakati parachichi lako lingali halijafika goti?

Je, wajua kwamba pasheni ya zambarau huungwa juu ya shina la pasheni ya manjano kwa sababu ile ya manjano huustahimili mnyauko wa udongoni? Pasheni isiyoungwa ikinyauka Trans Nzoia, usimlaumu jirani mwenye kijicho.

Je, wajua kwamba grevilea, mti wa mpakani ambao kila mtu huudhani wa hapa, kwao ni Australia? Makadamia nayo pia. Matunda damu yametoka milima ya Andes. Mringaringa ndio mwenyeji kati yao.

Je, wajua kwamba Mbuga ya Taifa ya Saiwa Swamp, karibu na Kitale, ilianzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya mnyama mmoja, nzohe, na ina kilomita za mraba zisizofika tatu? Tumbili wa De Brazza, mwenye ndevu nyeupe kama sheikh, yumo humo, naye huonekana pia kwenye vipande vya msitu vilivyobaki kando ya mito katikati ya mashamba.

Je, wajua kwamba Makavazi ya Kitale yana njia ya kutembelea ndani ya kipande cha msitu wa asili? Ukitaka kuona matabaka kabla hujayapanda, nenda huko kwanza. Ni nafuu kuliko semina.

Je, wajua kwamba alizeti mwitu, yale maua ya manjano yanayojaa kando ya barabara kutoka Bungoma hadi Kitale, ni mbolea? Mmea huo, Tithonia diversifolia, asili yake ni Meksiko. Watafiti wa kilimo mseto magharibi mwa Kenya waliyapima majani yake makavu na kupata naitrojeni ya asilimia 3.5 hivi na potasiamu ya asilimia 4 hivi. Huoza upesi kuliko majani mengi. Yakate yakiwa mabichi, uyakatekate kwa panga, uyafukie kwenye shimo la mgomba wiki moja au mbili kabla ya kupanda. Tatizo lake ni moja: ni mzigo. Kuyabeba ya kutosha ekari nzima kutakuvunja mgongo. Kwa bustani ya nyuma ya jikoni, mtoto na toroli wanatosha.

Udongo wa Trans Nzoia umechoshwa na mbolea ya DAP iliyotiwa kila msimu. Amonia iliyomo, ikibadilika udongoni, huongeza uchachu, na udongo ukichacha sana fosforasi ile ile uliyoinunua hujifunga, mmea usiipate. Chokaa ya kilimo hutibu. Majivu ya jikoni husaidia kidogo, nayo yana potasiamu. Majani yanayoanguka kila wiki mwaka mzima hufanya kazi ambayo gunia halifanyi: huwalisha minyoo na kuvu, nao ndio wanaoutifua udongo wakati wewe umelala.

Je, wajua kwamba kilo tatu za majani mabichi ya kaliandra hukaribia kazi ya kilo moja ya chakula cha madukani cha ng'ombe wa maziwa? Utafiti huo ulifanyika Embu. Vichaka kama 500 vinamtosha ng'ombe mmoja mwaka mzima, na usitishike na namba: kaliandra hupandwa kama ua, karibu karibu, ikakatwa ikifika kifuani. Ua wa shamba unakuwa ghala la maziwa. Mimi naona hapa ndipo mlango wa msitu wa chakula ulipo kwa mkulima wa Endebess, maana mwanamume aliyekataa kusikia habari za ikolojia husikia vizuri sana habari za lita.

Na kwa anayetaka mahindi yake yabaki, mbinu ya vuta-sukuma ipo. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, wakishirikiana na wenzao wa Kenya na Uingereza, waliipeleka kwa wakulima wa Trans Nzoia na Suba mwaka 1997. Desmodiamu hupandwa katikati ya mistari ya mahindi, ikamkera nondo anayezaa funza wa mabua. Nepia ya pembeni humvuta nondo huyo atage mayai huko. Bungoma ya chini, penye gugu la kayongo, desmodiamu ina kazi ya pili: mizizi yake huiamsha mbegu ya kayongo, kisha huizuia isishike mzizi wa mhindi, ikafa. Na mwisho wa yote ng'ombe anakula nepia na desmodiamu.

Je, wajua kwamba Serikali ya Kenya imekuwa ikilima chakula ndani ya misitu yake kwa zaidi ya karne? Mfumo wa shamba, ulioigwa kutoka Burma ya miaka ya 1850, ulianza Kenya mwaka 1910. Mkulima alipewa kipande cha msitu uliokatwa, akapanda viazi na maharagwe katikati ya miche ya mikaratusi, misonobari au mikipresi, akaitunza miche huku akivuna chake. Mwaka 1987 mfumo ulipigwa marufuku, ukarudi, ukapigwa tena, na tangu mwaka 2007 upo kwa jina la PELIS, chini ya vyama vya jamii vya misitu. Septemba 2022 ulizua tena mabishano ya kitaifa. Wanaoupinga husema watu hung'oa miche ili wasihamishwe. Wanaoutetea husema viazi vya Elgon vitatoka wapi. Nionavyo mimi, kasoro iko ndani ya mkataba wenyewe: miti ikishafunga kivuli, baada ya miaka mitatu hivi, mkulima hutolewa. Kumbe angefaidi zaidi miti hiyo ingekuwa inazaa kitu cha kutia mdomoni, na angekuwa na sababu ya kuiombea ikue.

Wapo walioishi na msitu bila mkataba wa miaka mitatu. Waogiek wa Chepkitale, upande wa Bungoma wa mlima, wamefuga nyuki na mifugo huko juu vizazi kwa vizazi, na Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua kesi yao ya Chepkitale kwa kuwapa haki.

Nyuki hao si wa kubezwa. Je, wajua kwamba kuna nyuki wa Uswidi wanaoitwa Elgon? Mwishoni mwa miaka ya 1980 mfugaji wa Kiswidi, Erik Österlund, na wenzake walikuja mlimani hapa kutafuta nyuki wa milimani, Apis mellifera monticola, wapole kuliko nyuki wa tambarare na wazoefu wa baridi. Walichukua mbegu za uzazi, wakazichanganya na nyuki wa kwao, wakapata ukoo wa nyuki unaofugwa Skandinavia hadi leo. Wewe unayeishi kwenye chimbuko lao huna hata mzinga mmoja chini ya mringaringa wako. Maua ya kahawa, parachichi na mringaringa yanapishana miezi. Nyuki hawatakaa njaa.

Je, wajua kwamba gome la Prunus africana, mti ambao Wakalenjin huuita tenduet, lilisafirishwa Ulaya kwa dawa za tezi dume hadi biashara yake ikawekewa masharti ya kimataifa mwaka 1995? Ukimenya gome pande zote mti hufa. Ukipanda michache leo, ipande kwa niaba ya wajukuu, na kwa ndege.

Fedha sasa, maana najua umesubiri. Wakfu wa Vi, ulioanzishwa na wasomaji wa gazeti la Uswidi mwaka 1983, ulianzia Pokot Magharibi ukaja Kitale na Bungoma kufundisha kilimo mseto. Mradi wake wa kaboni wa Bungoma na Kisumu, pamoja na Benki ya Dunia, ulipata Januari 2014 hati za tani 24,788 za hewa ya kaboni iliyohifadhiwa udongoni, za kwanza za namna hiyo Afrika. Habari ilizunguka dunia. Lakini gawanya fedha hizo kwa makumi ya maelfu ya wakulima, kila mmoja anabaki na za kununua sukari. Faida halisi ilikuwa debe zaidi la mahindi na kuni za karibu. Mtu akija kwako na hadithi ya kaboni itakayokutajirisha, mpe chai, msikilize, kisha rudi kwenye migomba yako.

Kalenda ya mfuko ni hii: mboga ndani ya miezi miwili, mgomba kuanzia mwaka mmoja na kidogo, maana baridi yetu huuchelewesha, matunda damu karibu miaka miwili, kahawa na parachichi ya kuungwa mwaka wa tatu au wa nne, mbao za mringaringa na siala, mtoto akishamaliza chuo. Anayepanda parachichi peke yake hufa njaa akilisubiri. Anayepanda managu peke yake hurudi kupanda kila msimu maisha yake yote.

Je, wajua kwamba sheria tayari imekukatia eneo la msitu wako? Kanuni za kilimo za mwaka 2009 zilimtaka mwenye shamba aweke miti kwenye asilimia 10 ya ardhi yake, na Katiba ya 2010, Kifungu cha 69, inaielekeza serikali kufikia angalau asilimia 10 ya miti nchini. Kwa ekari moja, sehemu ya kumi ni kama mita 20 kwa 20. Wengi huijaza mikaratusi mpakani, wakasema wametimiza. Mwaka 2009 huo huo Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji ing'olewe, kwa kuwa inanywa sana. Ningekuwa chifu, ningetaka hizo mita 20 kwa 20 ziwe nyuma ya jikoni, panapomwagwa maji ya kuoshea vyombo na maganda ya ndizi: parachichi nne pembeni, migomba sita katikati, kahawa ishirini hivi chini yake, mtoo na managu kwenye mianya, nderema kwenye ua. Mahindi yachukue yaliyobaki, na yaliyobaki ni tisa ya kumi.

Adui? Fuko. Panya huyo wa chini ya ardhi hula mizizi ya mgomba na viazi vitamu usiku kucha, nawe utajua mmea ukianguka. Mitego ya waya na kijiti kinachofyatuka bado ndiyo silaha bora. Sumu humwua na paka. Karibu na uzio wa hifadhi adui ni mkubwa zaidi. Ndovu wa Elgon ni wale wale wanaoingia pango la Kitum gizani kuchimba chumvi kwa pembe zao, kwa kuwa mvua nyingi za mlimani huosha sodiamu udongoni na majani hukosa ladha hiyo. Ndovu anayetafuta chumvi kwenye mwamba hatasita kuonja mgomba wako. Walio mpakani waanze na kahawa na mizinga ya nyuki, migomba waiweke karibu na nyumba.

Parachichi nayo ina aibu yake. Hukataa maji yaliyotuama: mizizi huoza kwa kuvu ya majimaji, mti ukaanza kukauka kutoka juu. Panda kwenye mwinuko, usipande kwenye shimo lililozama. Halafu, ua la Hass hufunguka asubuhi likiwa jike, likafunga, likafunguka tena kesho yake mchana likiwa dume. Ua la Fuerte hufanya kinyume: jike mchana, dume asubuhi inayofuata. Ukipanda Hass tupu huzaa, lakini ukiwa na Fuerte moja jirani, na nyuki wa kupita kati yao, huzaa vizuri zaidi. Kwa hiyo kabla hujaenda kitaluni kununua miche, pita kwanza kwa jirani umwulize yeye alipanda ipi.